Jinsi ya Kufunga Flai ya Ruba kwa Trauti wa Maji Yaliyotulia: Mwongozo Kamili

Flai ni chambo bandia cha manyoya na uzi kinachofungwa juu ya ndoana, na flai ya ruba ndo ya kwanza watu wengi kuifunga, na ndo ya kwanza kuwaumbua. Kwenye vaisi, yaani jiliwa dogo la kushikia ndoana, inaonekana poa kabisa, imejaa, mkia umechanua, halafu ukiitupa ziwani inageuka ufagio wa chelewa uliolowa, haichezi, inazama kiubavu, na trauti wawili watatu wakishaipiga mwili unaanza kufumuka.

Karibu kila flai ya ruba inayofeli ina ugonjwa mmoja: manyoya na sufu nyingi mno. Ruba akiwa majini ni mnyama bapa, mwembamba, anajinyoosha na kuogelea kwa kupiga mawimbi ya juu na chini mwili mzima. Hana miguu, hana mabawa, hana cha kumwonyesha samaki zaidi ya huo mwendo. Kwa hiyo kazi yako siyo kutengeneza umbo la ruba, kazi yako ni kutengeneza mwendo wake, na mwendo unatoka kwenye vitu viwili tu: mkia mwepesi unaoweza kupinda, na uzito uliokaa mbele. Ukishika hilo hatua zote za chini zitakuingia kirahisi.

## Vifaa, viweke mezani kabla hujaanza

Usianze halafu katikati uanze kutafuta waya, uzi utalegea na kila kitu kitafumuka.

- Ndoana ya shina refu kidogo (shina ni ile sehemu iliyonyooka), namba 10. Kumbuka namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo, kwa hiyo 8 ni kubwa kuliko 10.
- Shanga ya brasi au tangsteni ya milimita 3.2 kwa ndoana namba 10. Kwa namba 8 chukua ya milimita 4.
- Waya wa uzito usio na risasi, unene karibu nusu milimita.
- Uzi imara wa kufungia flai, saizi 6/0, rangi ifanane na mwili.
- Marabu, yale manyoya laini ya bata mzinga. Nyeusi, kahawia, au kijani cha zeituni.
- Sufu ya kusokotea yenye nyuzi ndefu, sentimita 2 mpaka 3, ikiwa imechanganywa na vinyuzi vya kung'aa kidogo ni bora.
- Vinyuzi vya kung'aa vya mkiani, viwili tu.
- Waya mwembamba wa shaba wa kuzungushia mwili.
- Nta ya uzi, supaglu, na vanishi.
- Vaisi, bobini (kishikio cha uzi wa kufungia), mkasi wenye ncha kali, plaizi ndogo, sindano, na brashi ya meno iliyochakaa.
- Glasi ya maji. Hii watu wanaipuuza, lakini ndo kifaa kinachokwambia ukweli.

Kuhusu risasi, nchi kadhaa zimebana matumizi yake kwenye uvuvi kwa sababu ndege wa majini wanaimeza na kufa kwa sumu. Isiyo na risasi ni nyepesi kidogo lakini shanga ya tangsteni inafidia, kwa hiyo hakuna sababu ya kung'ang'ania.

Na marabu yenyewe uichague vizuri. Shika nyoya moja kwenye mwanga uangalie vile vinyuzi vya pembeni, unataka vilivyo na vinyweleo mpaka nchani na ncha zake ziwe nyembamba. Kuna manyoya yana shina nene na ncha ngumu kama zimekatwa, hayo yatoe, hata uyafunge vizuri vipi hayatacheza.

## Hatua ya 1: Bana kijino, vaa shanga

Ndoana ina kijino nyuma ya ncha. Kikandamize kwa plaizi taratibu mpaka kilale. Fanya hivi sasa hivi, kabla ya kufunga chochote, maana ndoana nyingine zinavunjika hapo na ni bora ivunjike ikiwa tupu kuliko ikiwa flai kamili. Halafu maeneo mengi ya trauti hayaruhusu kijino, na bila kijino unamfungua samaki fasta bila kumchana mdomo.

Sasa pitisha shanga kuanzia nchani. Shanga ina tundu dogo upande mmoja na kubwa upande mwingine. Tundu dogo litangulie, ili mwisho wa safari liwe linatazama jicho la ndoana na lile kubwa litazame nyuma. Ukikosea hapa shanga inaweza kupita mpaka juu ya jicho na kuziba njia ya kamba.

Umefaulu kama: shanga imegota nyuma ya jicho na jicho lote linaonekana.

## Hatua ya 2: Uzito mbele, siyo kote

Bana ndoana kwenye vaisi, shina likae sawa kabisa, halijainama. Zungusha waya wa uzito mara 8 hivi katikati ya shina, kata mikia yote miwili, halafu sukuma hizo spiringi kwa kucha mpaka ziingie ndani ya lile tundu kubwa la shanga. Hapo shanga haitikisiki tena.

Wengi wanajaza waya shina zima. Usifanye hivyo. Uzito ukiwa kote flai inazama ikiwa bapa kama ilivyo na ukivuta inakuja moja kwa moja bila kucheza. Ukiwa mbele tu, kila unapoacha kuvuta kichwa kinaenda chini na mkia unabaki juu, ukivuta tena kichwa kinapanda. Huo ndo mwendo wa juu na chini tuliousema, na umeupata bure kwa kuweka waya mahali pake.

## Hatua ya 3: Tandika uzi

Anzia uzi nyuma ya waya. Uzi unapita juu ya shina kuelekea mbali na wewe, unarudi kwa chini, kumbuka huo mwelekeo maana tutauhitaji baadaye. Funika waya kwa mizunguko michache ya kwenda na kurudi, jenga mteremko mdogo pale waya unapoishia ili mwili usiwe na ngazi, tia tone dogo la supaglu juu ya waya, kisha endelea nyuma kwa mizunguko iliyobanana mpaka ulipo usawa wa kile kijino ulichokibana.

Sababu ya kutandika uzi: marabu ukiifunga juu ya chuma kitupu itazunguka. Uzi juu ya uzi unashikana.

Umefaulu kama: ukishika shanga kwa vidole ukajaribu kuizungusha, haiendi.

## Hatua ya 4: Mkia, hapa ndo penyewe

Nitakaa hapa kidogo maana flai nzima inaishi au inakufa kwenye mkia.

Chukua nyoya la marabu, chezea vinyuzi vyake vya nchani mpaka ncha zilingane, halafu ng'oa fungu. Kiasi gani? Likiwa kavu fungu linadanganya, linaonekana dogo kumbe ni kubwa, au kinyume. Kwa hiyo lowesha vidole, libane fungu kuanzia chini mpaka juu. Likiwa limelowa hivyo liwe na unene wa milimita 2, likizidi 3 punguza. Ukiona huruma ya kupunguza, jua ndo kabisa unatakiwa kupunguza.

Urefu wa mkia uwe sawa na urefu wa shina la ndoana. Pima kwa kuliweka fungu juu ya shina, ncha kwenye jicho, bana kwa vidole pale panapofika mkunjo wa ndoana, kisha hamishia hapo hapo pa kufungia bila kuachia. Mkia mfupi haupindi. Mkia mrefu mno unafanya mambo mawili mabaya: unazunguka mkunjo wa ndoana wakati wa kutupa, na trauti anauma nyuma ya ncha, wewe unahisi anagonga gonga lakini hanasi.

Funga kwa mizunguko miwili legevu kwanza, halafu wa tatu ndo ukaze ukivuta juu. Ukikaza wa kwanza kwa nguvu fungu linahama na kulalia upande wa mbali. Sehemu iliyobaki ya vinyuzi usiikate hapo hapo nyuma, ilaze juu ya shina mpaka ikutane na waya wa uzito ndo ukate, alafu ifunge yote. Ukikata nyuma unaacha shimo kati ya mkia na waya, na hilo shimo litaonekana kwenye mwili.

Vinyuzi vya kung'aa, kimoja kila upande, virefu sawa na mkia. Viwili basi. Ruba hawang'ai, hivi ni vya kumfanya samaki ageuke kuangalia, ukiweka sita umefunga kitu kingine kabisa.

Umefaulu kama: ukipuliza mkia kwa mdomo unapepea mpaka kwenye fundo, na kutoka juu umenyooka na shina.

Onyo: mkia ukiwa mrefu usikate kwa mkasi. Mkasi unaacha ncha butu zote usawa mmoja na mkia unakuwa mgumu mwishoni. Bana kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, nyofoa kidogo kidogo. Ncha zinabaki za ngazi ngazi kama za nyoya lenyewe.

## Hatua ya 5: Funga waya wa shaba

Kipande cha sentimita 12 kinatosha. Kifunge kando ya shina, upande wa kwako, kuanzia kwenye waya wa uzito kurudi mpaka kwenye mkia. Kiache kining'inie nyuma. Tutakirudia.

## Hatua ya 6: Kitanzi cha sufu

Kuna wanaosokota sufu moja kwa moja kwenye uzi. Inafanya kazi kwa flai ndogo, lakini kwa ruba inakupa kamba ngumu iliyokazana, na sisi tunataka nyuzi zilizosimama nje zinazotikisika. Kwa hiyo kitanzi.

Vuta uzi kama sentimita 16, ukunje kwenye kidole, urudishe shinani ili upate kitanzi cha sentimita 8. Zungusha uzi mara mbili kwenye shingo ya kitanzi kifunge, kisha peleka bobini mbele mpaka karibu na shanga uiache ining'inie hapo. Paka nta mguu mmoja wa kitanzi.

Sasa vuta sufu kidogo kidogo kwa ncha za vidole, unataka nyuzi zilale kukatiza kitanzi, siyo kufuata urefu wake. Zitandaze nyepesi kiasi kwamba unaona upande wa pili. Mwanzoni, yaani karibu na mkia, weka kidogo, mbele ongeza kiasi. Ning'iniza kitu kizito kidogo chini ya kitanzi, au tumia kulabu ya kusokotea kama unayo, zungusha mpaka upate kamba yenye manyoya pande zote. Pitisha sindano kuchomoa nyuzi zilizobanwa katikati.

Umefaulu kama: kiini cha kamba ni chembamba na unakiona, nyuzi zimetoka nje pande zote. Kama unaona rundo tu, fungua, toa nusu, sokota tena.

## Hatua ya 7: Zungusha mwili

Zungusha kamba kuelekea mbele, na baada ya kila mzunguko laza nyuzi nyuma kwa vidole vilivyolowa. Usiporudisha nyuma, mzunguko unaofuata unazilalia, zinabanwa, na umepoteza kazi yote ya kitanzi.

Simama milimita 2 kabla ya shanga. Narudia, milimita 2 tupu. Flai nyingi zinazofumuka ni kwa sababu mtu alifika mpaka shanga akakosa pa kufungia fundo, akafunga juu ya sufu, na fundo lililokaa juu ya sufu linateleza tu. Bana kamba kwa mizunguko minne ya uzi, kata mabaki.

## Hatua ya 8: Waya, kinyume na kila kitu

Unakumbuka uzi na sufu vinapita juu ya shina kwenda mbali na wewe. Waya ufanye kinyume, upite juu ukija kwako. Mizunguko 4 au 5 yenye nafasi mpaka mbele. Ukienda mwelekeo uleule waya unazama kati ya nyuzi na haushiki kitu, ukienda kinyume unakatiza kila mzunguko wa sufu, hata meno ya trauti yakikata nyuzi mbili tatu mwili haufumuki.

Ukiwa unazungusha, tikisa waya kushoto kulia kidogo ili usilalie nyuzi. Funga, halafu usiukate kwa mkasi wako mzuri. Upinde huku na huku mpaka uvunjike wenyewe, unavunjika karibu kabisa na uzi.

## Hatua ya 9: Shingo na fundo

Sokota sufu kidogo sana kwenye uzi, mizunguko miwili nyuma ya shanga kufunika uzi. Sasa fundo, na hili wengi wanalikwepa wakifunga mafundo ya kawaida yanayofunguka ndani ya saa moja.

Vuta uzi sentimita 15. Weka vidole viwili juu ya uzi, vigeuze ili uzi unaotoka shinani ukatizwe na ule unaotoka kwenye bobini, upate pembetatu. Mguu wa uzi unaotoka kwenye bobini ulaze sambamba na shina. Ule mguu mwingine ndo unauzungusha, unapita juu ya shina na juu ya huo uliolala pamoja, mara 5. Kila mzunguko unaufungia ule uliolala chini. Mwishoni ingiza sindano kwenye kitanzi kilichobaki, vuta bobini taratibu, kitanzi kinafungwa huku sindano ikikishikilia kisijikunje, toa sindano, kaza. Rudia fundo lote mara ya pili. Kata, tia tone la vanishi kwa ncha ya sindano.

Onyo: vanishi ikigusa sufu inapanda yenyewe na kukausha nyuzi za mbele zikawa ngumu. Tone dogo, na hakikisha jicho halijaziba, likiziba pitisha unyoya mmoja ndani kabla haijakauka.

## Hatua ya 10: Chana, halafu glasi

Sugua mwili kwa brashi ya meno, chini na pembeni zaidi kuliko juu. Nyuzi zinazopita usawa wa katikati ya mkia zinyofoe.

Kisha funga kipande cha kamba kwenye jicho, ilowanishe flai kwa vidole mpaka mapovu yaishe, ining'inize ndani ya glasi ya maji. Ipandishe sentimita 3, iachie. Unatakiwa kuona kichwa kinashuka kwanza na mkia unafuata ukipinda, na nyuzi za mwili zinajikunja na kufunguka.

Kama inashuka yote kwa pamoja bila mkia kupinda, mkia ni mnene, punguza kwa kucha. Kama inalala ubavu, mkia umefungwa pembeni, hiyo haina dawa, kata kwa wembe uanze upya, ndoana na shanga bado ni nzuri. Kama inaelea elea kwanza kabla ya kuzama, sufu imebeba hewa, yaani ni nyingi.

## Toleo la kuning'inia sawa

Ukivua chini ya boya, ile flai ya juu ina tatizo: inaning'inia kichwa juu, wima, na ruba hakai wima. Hapo unahitaji iliyosawazishwa, yaani ikining'inia inalala mlalo.

Tumia ndoana ya jigi namba 10, ile yenye jicho lililopinda juu, na pini ya fundi cherehani isiyoshika kutu. Vaa shanga ya tangsteni kwenye pini, tundu dogo ndo liguse kichwa cha pini, na kichwa kiwe kikubwa kuliko hilo tundu. Kata pini kwa plaizi (vaa miwani, kile kipande kinaruka). Laza pini juu ya shina, shanga itokeze mbele ya jicho kwa kama urefu wa shanga yenyewe, ifunge kwa uzi uliobanana sana kuanzia nyuma ya jicho, supaglu bado. Mbele ya jicho, juu ya pini kati ya jicho na shanga, pitisha mizunguko michache pia. Waya wa uzito huuhitaji tena. Kuanzia mkia endelea kama kawaida, tofauti tu ni kwamba sufu inapita jicho mpaka kwenye shanga, na fundo linakaa hapo.

Pima kabla hujafunga mwili: funga mkia, ulowanishe, ining'inize. Kichwa kikizama sana rudisha shanga nyuma kidogo, mkia ukizama isogeze mbele. Gundi ikishakauka hakuna kusogeza, kwa hiyo supaglu itie baada ya kupima, ndo uendelee na mwili.

## Rangi, saizi, na kuivuta

Nyeusi ifunge nyingi kuliko zote. Kahawia na kijani cha zeituni zinafuata, na nyekundu iliyoiva karibu na zambarau ni nzuri maji yakiwa na rangi. Saizi, namba 10 inabeba kazi nyingi, 8 ukitaka kubwa jioni, 12 samaki wakiwa waoga.

Maruba mchana wanajificha chini ya mawe na magugu, giza likiingia ndo wanatembea, kwa hiyo alfajiri, jioni na siku za mawingu ndo saa zake. Iache izame mpaka karibu na chini, kando ya magugu, vuta sentimita 10, tulia, vuta tena, na usiwe na haraka, ruba hana spidi. Mara nyingi samaki anagonga wakati umetulia, siyo wakati unavuta, kamba iwe imenyooka muda wote.

Ukirudi, kausha flai kabla hujafunga boksi. Marabu mbichi ikikandamizwa inatoka imepinda na ndoana inaanza kutu. Iliyokwisha pinda ishike kwa plaizi juu ya mvuke wa birika sekunde chache, inyooshe kwa vidole ikiwa bado ina unyevu, iache wazi ikauke.